Spektra ya Supanova Inapokataa Kusomeka: Kila Bonde Lina Mwenyewe

Nyota ya kawaida, ukitawanya mwanga wake katika rangi zake, yaani ukipata spektra yake, hukupa mistari myembamba ya giza. Supanova, yaani nyota inayolipuka, haifanyi hivyo. Gesi yake inatoka kwa kasi ya kilomita 10,000 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo hutanua kila mstari hadi ukawa bonde au kilima chenye upana wa angstromu 100, 200 au zaidi (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ndiyo maana mtu mwenye darubini ya uani na spektrografu ndogo (kifaa cha kutawanya mwanga), kama Alpy 600 au hata gratingi, kioo chenye mistari laini, ya Star Analyser, anaweza kutambua aina ya mlipuko uliotokea mamilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa. Mabonde mapana hayahitaji kifaa kikali.

Lakini upana huo ni mtego pia. Kifaa kilichokaa vibaya, angahewa na programu iliyolishwa namba potofu, vyote hivyo hutoa mabonde mapana. Kwa hiyo kila unapokwama, uliza swali moja: bonde hili ni la nani? Ni la supanova, la galaksi, la hewa iliyo juu yetu, au la kifaa?

Huwezi kulijibu bila nyota ya ulinganisho. Usiku ule ule, piga spektra ya nyota angavu ya aina A (nyota nyeupe yenye joto kali) iliyo karibu na supanova na katika kimo kile kile angani. Nimeona watu wengi wakiiruka hatua hii ili kuokoa dakika 15, kisha wakapoteza siku tatu wakibishana juu ya bonde ambalo nyota ya ulinganisho ingelieleza mara moja. Urefu wote wa mawimbi hapa chini ni kwa angstromu.

Dalili: hakuna kitu kwenye picha, au ni chengachenga tupu (kelele za kamera na za mwanga)

Sababu inayoongoza ni kwamba supanova haimo mwanyani, yaani kwenye ufa mwembamba unaoingizia mwanga ndani ya spektrografu. Kilichomo ni kiini cha galaksi au nyota ya kwetu iliyopita mbele yake. Piga picha ya kawaida ya eneo hilo, uilinganishe na picha ya zamani ya galaksi hiyo hiyo na picha ya ugunduzi, nyota kwa nyota. Spektra nayo itakuambia: kiini cha galaksi huwa na mwanga laini wa manjano wenye mistari myembamba ya magnesi karibu na 5175 na sodiamu karibu na 5890. Ukiiona hiyo, umelenga mahali pasipo.

Sababu ya pili ni kwamba supanova ni hafifu kuliko ulivyodhani. Katika madaraja ya mng'ao, hatua moja ni tofauti ya mara 2.5, na hatua tano ni mara 100. SN 2023ixf katika galaksi ya M101 ilifika karibu na daraja la 11, na wengi waliingia katika fani hii kupitia kwake. Supanova ya daraja la 16 inakupa mwanga mara 100 pungufu. Mipangilio iliyofanya kazi kwa ile haitafanya kazi kwa hii.

Tatu, nyota inatoka mwanyani polepole. Mwanya wa mikroni 23 kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000 unafunika chini kidogo ya sekunde 5 za tao angani (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Kwenye milimita 2000, nusu ya hapo. Angalia mwanga uliopatikana katika kila picha ya mfululizo. Ukiwa unashuka kidogo kidogo, picha baada ya picha, tatizo ni ufuatiliaji au mguu wa darubini unaolegea. Ukiwa unapanda na kushuka ovyo, ni mawingu mepesi au upepo.

Dawa ni kupiga picha nyingi za wastani, kwa mfano sita za dakika 10, badala ya moja ndefu. Ukizijumlisha kwa kuchukua thamani ya kati, miale ya anga inayochoma pikseli moja moja itaondoka yenyewe. Kisha unganisha pikseli. Kama kila pikseli inabeba angstromu 3, unaweza kuunganisha nane hadi kumi na usipoteze chochote cha maana kwa ajili ya kutambua aina. Mabonde mapana yatabaki, chengachenga zitapungua. Ukifikia mahali ambapo mwanga ni mara 10 ya chengachenga, una kitu cha kufanyia kazi.

Onyo: usiendelee kulainisha mpaka vilima vitokee. Chengachenga ukizilainisha vya kutosha huzaa vilima, na vilima hivyo hufanana sana na supanova. Kama baada ya usiku mzima mwanga haujazidi chengachenga hata mara tatu, hifadhi faili na uwaachie wenye darubini kubwa.

Dalili: mabonde yapo, lakini yamekaa mahali pasipo

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoletwa, na hapa ndipo inafaa kukaa muda mrefu.

Anza na kipimo rahisi kuliko vyote: hewa. Oksijeni ya angahewa yetu hukata mwanga wa kila nyota kuanzia 6867 na tena kuanzia 7594. Bonde la pili ni la kina na lina ukingo mkali upande wa buluu. Likionekana mara moja halisahauliki. Kwenye picha ghafi, kabla hujaondoa mwanga wa usuli (wa anga na galaksi unaoizunguka supanova), tazama pia mstari mkali wa oksijeni ya anga la usiku ulio katika 5577. Vitu hivi havisafiri na galaksi yoyote. Vikiwa mahali pake, kipimo chako ni kizuri, na kinachoonekana kimesogea kimesogezwa na supanova yenyewe. Vikiwa vimehama, usiiguse supanova mpaka uvirudishe.

Vikihama, mara nyingi kosa ni kutambua vibaya mstari wa taa ya kalibresheni, yaani taa yenye mistari inayojulikana ya kupimia. Taa ya neoni ina mistari mingi iliyosongamana upande wa nyekundu, na ni rahisi kuita 6402 ule ambao ni 6506. Dalili yake ni kwamba sehemu moja ya spektra inakubaliana na mistari inayojulikana na nyingine inakataa. Tumia nyota ya ulinganisho kuamua: nyota ya aina A ina haidrojeni nzito katika 6563, 4861, 4340 na 4102. Minne hiyo ikikaa sawa kwa pamoja, umepona.

Inayofuata ni kutumia mstari mnyoofu pale panapohitaji mkunjo. Kwa gratingi isiyo na mwanya, watu huchukua pointi mbili tu, yaani nyota yenyewe na mstari mmoja wa haidrojeni, kisha hushangaa kwa nini upande wa buluu umepishana kwa angstromu 30. Ongeza pointi. Na usisogeze kamera wala fokasi kati ya nyota ya ulinganisho na supanova. Ukigusa chochote, piga zote mbili upya.

Isiyo ya kawaida sana, lakini ipo: spektrografu inajipinda kwa uzito wake darubini inapogeuka. Kalibresheni iliyopigwa upande mmoja wa anga haitafaa upande wa pili. Piga taa kabla na baada ya supanova bila kuondoa darubini pale ilipo. Mistari ikiwa imehama kati ya mara hizo mbili, chukua wastani na ukaze bolti kesho yake mchana.

Sasa tuseme hewa iko mahali pake na bado bonde linashangaza. Huenda hukuondoa mwendo wa galaksi. Mfano wa hesabu: silikoni ya supanova ya aina ya Ia (aina zimeelezwa mwishoni) hutokana na mstari wa 6355, lakini siku za kilele cha mng'ao bonde lake hukaa karibu na 6150 kwa sababu gesi inakuja kwetu. Tofauti hiyo ya 205, ukiigawa kwa 6355 na kuzidisha kwa kasi ya mwanga, ni karibu kilomita 9,700 kwa sekunde. Galaksi ikiwa na msogeo mwekundu (kurefuka kwa mawimbi kwa sababu inatuondokea) wa 0.02, bonde lile lile utaliona katika 6273. Ukisahau kuondoa msogeo, hesabu yako itatoa kilomita 3,900 kwa sekunde na utadhani umegundua supanova ya ajabu. Gawa urefu wote wa mawimbi kwa 1.02 kwanza, ndipo usome.

Onyo la umeme: wengi hutengeneza taa ya kalibresheni kutokana na stata ya taa ya mirija, kwa kuwa ndani yake mna gesi yenye mistari mizuri. Stata hiyo hufanya kazi kwa umeme wa ukutani, na wewe uko gizani, mikono imelowa umande, umeshika mwili wa darubini ambao ni chuma. Kama hujui kuhami nyaya na kuweka kinga, simama hapo hapo na umpe fundi umeme kazi hiyo, au nunua taa iliyokamilika ya volti ndogo. Na taa za zebaki za kuua vijidudu usizitumie kabisa. Mwanga wake huunguza macho bila wewe kuhisi.

Dalili: upande wa buluu umezama, au upande wa nyekundu umepanda bila sababu

Mabonde yako mahali pake ila umbo zima limepinda. Angalia kwanza kama uliondoa mwitikio wa kifaa. Kamera haioni rangi zote sawa, na kamera ya kawaida ya picha ambayo haijabadilishwa ina chujio linaloanza kukata mwanga mwekundu karibu kabisa na haidrojeni ya 6563. Gawa spektra ya nyota ya ulinganisho kwa spektra sahihi ya nyota ya aina yake kutoka maktaba ya programu unayotumia, iwe ISIS, BASS au RSpec. Umbo linalobaki ndilo la kifaa, nalo ndilo utakaloligawia supanova.

Kama ulifanya hivyo na bado buluu haipo, tazama kimo. Angahewa hutawanya rangi kama prizimu: hata kwenye nyuzi 45, mwanga wa buluu na mwekundu wa nyota moja hutengana kwa zaidi ya sekunde moja ya tao. Ukifuatilia kwa rangi nyekundu, buluu inaanguka nje ya mwanya. Subiri supanova ipande, au geuza mwanya usimame wima kuelekea upeo wa macho. Chini ya nyuzi 30 mimi sipigi kabisa, isipokuwa kama supanova inaondoka na hakuna mwingine wa kuipiga.

Upande wa nyekundu una ugonjwa wake. Gratingi hutoa spektra zaidi ya moja, na ya pili hulala juu ya ya kwanza: mwanga wa 3800 huangukia mahali pa 7600. Kilima kinachoanza mahali hapo na kuendelea kupanda si kalsiamu. Weka chujio la manjano linalokata buluu, upige tena. Kikitoweka, umempata mwenyewe. Kabla ya hapo, kati ya 7160 na 7340, kuna mabonde ya mvuke wa maji ambayo hubadilika usiku hadi usiku. Nyota ya ulinganisho inayo pia. Usiyape jina la elementi yoyote.

Dalili: spektra ina viwimbi kama bati

Viwimbi vya kujirudia upande wa nyekundu ni mwanga unaodunda ndani ya kihisi chembamba cha kamera. Picha za taa nyeupe zilizopigwa darubini ikiwa pale pale huviondoa. Michirizi inayokwenda kwa urefu wa spektra ni vumbi kwenye mwanya, nayo hupungua kwa njia hiyo hiyo. Mwanya hupulizwa kwa pampu ya mkono, kwa upole.

Spektra ikififia ghafla na kuwa na ukungu, pengine umande umeshika lenzi. Ipashe joto, ungoja ikauke. Lakini kama doa liko kwenye gratingi, weka mikono mbali. Uso wake una mistari laini kiasi kwamba kitambaa, pamba au kidole huuharibu moja kwa moja, na hakuna kioevu cha nyumbani cha kuurudisha. Hiyo ni kazi ya mtengenezaji au fundi wa vifaa vya macho. Niliwahi kumkabidhi mtu kifaa changu akisafishe kwa nia njema; nilirudishiwa gratingi yenye mkwaruzo ambao umebaki katika kila spektra niliyopiga nayo tangu siku hiyo.

Dalili: mwiba mwembamba wa haidrojeni katika 6563

Moyo huruka ukiuona. Mwiba mwembamba unaweza kuwa aina ya IIn, mlipuko unaogonga gesi ambayo nyota ilikuwa imeimwaga kabla ya kufa. Unaweza pia kuwa wingu la kawaida la galaksi ambalo supanova imekaa ndani yake, na hilo ndilo hutokea mara nyingi zaidi.

Usiangalie grafu, rudi kwenye picha yenyewe. Mwiba wa galaksi hutoka nje ya mstari wa mwanga wa supanova, ukaendelea juu na chini kama fundo kwenye uzi. Wa supanova unakoma pale uzi unapokoma. Halafu tafuta wenzake. Wingu la galaksi huja na nitrojeni katika 6583, salfa katika 6717 na 6731, na oksijeni katika 4959 na 5007. Wakiwepo wote na wote wakiwa wembamba, ni galaksi, na kosa liko katika mahali ulipochukulia mwanga wa usuli. Chagua usuli ulio karibu zaidi na supanova, pande zote mbili, kisha urudie. Mwiba ukipungua kila unapobadilisha usuli, si wa mlipuko.

Mimi mwenyewe nilishawahi kulala nikiamini nimeona haidrojeni kwenye supanova ambayo kila mtu aliita Ia. Asubuhi nilifungua picha ghafi na kukuta fundo hilo limetandaa katika mkono mzima wa galaksi.

Mwiba wa pikseli moja au mbili unaoonekana katika picha moja tu ni mwale wa anga. Unaorudi mahali pale pale hata kwenye spektra ya nyota nyingine ni pikseli mbovu, na picha za giza, zinazopigwa bila mwanga wowote kuingia, zitauondoa.

Iko hali moja ya kukimbilia. Supanova changa ya aina ya II inaweza kuonyesha miiba yenye kilele chembamba na tako pana kwa siku chache tu za mwanzo, pale mwako wa mlipuko unapoangaza gesi iliyoizunguka nyota. Koichi Itagaki, mwanaastronomia wa ridhaa wa Japani, alipogundua SN 2023ixf tarehe 19 Mei 2023, ilikuwa katika hali hiyo hasa, na baada ya siku chache miiba ikafifia. Kama una sababu ya kudhani ndivyo ilivyo, usingoje spektra kamili. Piga usiku huo, na usiku unaofuata pia.

Dalili: spektra ni nzuri, lakini programu inatoa aina isiyoeleweka

Programu kama SNID hulinganisha spektra yako na spektra nyingi zilizokwisha kujulikana, kisha hutoa orodha. Kosa la kawaida ni kuchukua jina la kwanza kwenye orodha. Tazama kumi za mwanzo. Zikiwa zote za aina moja na umri unaokaribiana, vizuri. Zikiwa mchanganyiko, programu inakuambia haijui. Kipimo chake cha ubora kikiwa chini ya 5, usikitegemee. Halafu mpe msogeo mwekundu wa galaksi unaojulikana. Ukimwachia atafute mwenyewe, mara nyingi atalinganisha haidrojeni ya mmoja na silikoni ya mwingine.

Kisha soma kwa macho yako, kwa mpangilio ambao mwanaastronomia Rudolph Minkowski aliuanzisha mwaka 1941: kuna haidrojeni au hakuna? Ikiwepo ni II. Isipokuwepo, tafuta silikoni karibu na 6150. Ikiwa na kina ni Ia. Isipokuwepo hiyo, tafuta heli ya 5876, 6678 na 7065, kila mmoja ukiwa umesogea kuelekea buluu. Ikiwepo ni Ib, na isipokuwepo ni Ic.

Bonde moja halitoshi kamwe. Tuseme unabisha kwamba bonde la 6150 ni haidrojeni inayokwenda kasi sana. Ingebidi iwe inakimbia karibu kilomita 19,000 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo ndugu yake wa 4861 angekuwa na bonde karibu na 4555. Nenda ukatazame. Haidrojeni haitembei peke yake. Silikoni nayo ina jirani: siku za kilele, Ia huonyesha salfa mbili zinazochora umbo la W kati ya 5200 na 5500. W hiyo hufifia baada ya kilele, na ndiyo sababu Ia ya wiki kadhaa na Ic huchanganywa mara kwa mara. Bila kujua umri wa mlipuko, usikate kauli.

Spektra yenye buluu nyingi isiyo na bonde lolote la maana inaweza kuwa supanova ya siku mbili tatu. Rudi baada ya siku tatu. Bonde jembamba la sodiamu karibu na 5890 si la mlipuko. Ni vumbi na gesi vilivyo njiani, na pale linapokuwa la kina, kama ilivyokuwa kwa SN 2014J ndani ya M82, tegemea pia buluu kuzama bila kosa lako.

Mwisho wa uwezo wetu uko hapa. Ukiona haidrojeni nyembamba yenye kasi ya kilomita mia chache tu kwa sekunde, huenda nyota haijafa bali imetapika: SN 2009ip iliitwa supanova, kisha ikaonekana ni mripuko wa nyota kubwa iliyokuwa bado hai. Hapo usitangaze aina. Vivyo hivyo pale orodha ya programu imegawanyika, au spektra mbili za usiku tofauti zinapopingana. Waandikie wataalamu wanaofuatilia milipuko, uwape spektra, na useme wazi unachokitilia shaka.

Ukiwa na uhakika wa kupeleka ripoti kwenye Transient Name Server, rejista rasmi ya milipuko ya angani, kagua tarehe ndani ya faili kwanza. Kompyuta iliyoandika saa ya kwenu badala ya saa ya dunia inaweza kusogeza spektra kwa karibu nusu siku, na supanova ya siku ya pili si ile ya siku ya tatu. Andika muda wa katikati wa mfululizo, urefu wa kila picha na idadi yake, kifaa, na nyota ya ulinganisho uliyotumia. Faili ghafi zitunze zote, pamoja na za taa na za giza, kwa sababu mtu atakayetaka kujua bonde fulani lilikuwa la nani ataziomba hizo.